Kijana Akitoka Chuo cha Ufundi



Tangu chuo cha ufundi cha Kabete kifunguliwe mwaka 1924, wazazi wengi wameuza ng'ombe ili mtoto apate ufundi. Kijana humaliza, ana cheti mkononi, na langoni mwa kiwanda huambiwa: "Lete ujuzi wa miaka miwili." Ataupata wapi, ikiwa hakuna ampaye kazi? Basi hushika kibarua. Hutandika nyaya za umeme mchana kutwa, na jioni hulipwa kama mbeba mizigo.

Sasa sikilizeni. Amri ya Mishahara ya Serikali hutenga mafundi: asiye na gredi, kisha Gredi III, II na I, kila mmoja na kima chake cha chini. Mtihani wa gredi hutolewa na NITA, na hata aliyejifunzia kazini, asiyeingia chuo kamwe, aweza kuufanya. Tena waajiri hutozwa shilingi 50 kwa mwezi kwa kila mfanyakazi, kwa ajili ya mafunzo. Hiyo si sadaka!

Katika mapatano yajayo tutadai vijana wachukuliwe kuwa wanagenzi kwa mkataba ulioandikwa, na mwenye gredi alipwe kwa gredi yake. Wenye vyeti vilivyolala sandukuni, vileteni kwa katibu wa tawi kabla hatujaketi na mwajiri.