Kabla ya Kubonyeza "Yes"

Mazungumzo na vikundi vya kujisaidia

  Leo hatuzungumzi juu ya mbuzi wala mbolea. Tunazungumza juu ya kompyuta, kwa sababu vikundi vingi sasa vinaweka humo hesabu za michango na mikopo, na kompyuta yenyewe mara nyingi inakaa nyumbani kwa katibu, pamoja na watoto wake.

Hebu tuanze na sanduku la akiba. Lina kufuli tatu, na funguo zinakaa kwa watu watatu. Si kwamba mweka hazina ni mwizi. Tunajua tu kwamba mtu mmoja akishika funguo zote, siku atakayodanganywa pesa za wote zimekwenda. Kompyuta nayo ina funguo zake.

Kwenye kompyuta ya Windows kuna watumiaji wa aina mbili. Kuna msimamizi, ambaye anaweza kuweka programu mpya, kuzima kinga ya virusi na kufungua faili za watumiaji wengine. Halafu kuna mtumiaji wa kawaida. Huyu anaandika barua na kupiga hesabu, lakini hawezi kubadilisha mitambo ya ndani. Sasa, wengi hawajui kwamba yule anayeiandaa kompyuta ikiwa mpya ndiye anayefanywa msimamizi. Kwa hiyo wengi wetu tumeshika ufunguo mkubwa bila kuambiwa.

Zamani hatari ilikuwa kubwa zaidi. Katika Windows XP ya mwaka 2001, msimamizi akifungua programu yoyote, programu hiyo ilipata nguvu zake zote. Windows Vista, iliyoanza kuuzwa kwa watu wote Januari 2007, ilileta utaratibu mwingine. Programu ikitaka nguvu za juu, sharti iombe ruhusa. Ndipo skrini inafifia na swali linatokea: unakubali programu hii ifanye mabadiliko? Kufifia huko ni kwa makusudi, ili programu nyingine isikubonyezee jibu. Lakini maswali ya Vista yalikuwa mengi mno, watu wakazoea kubonyeza "Yes" bila kusoma. Windows 7 ya mwaka 2009 iliyapunguza, ila mazoea yalibaki.

Hata sisi tulinaswa. Siku moja tulikuwa tunaandika orodha ya michango, tuna haraka, swali likatokea. Tukabonyeza "Yes" ili lituondokee. Baada ya siku chache kompyuta ilijaa matangazo, ikawa nzito, na fundi akalazimika kufuta kila kitu. Tulinakili hesabu upya kutoka kwenye madaftari, usiku kwa usiku. Bila yale madaftari, tungewaambia nini wanachama?

Basi swali likitokea, tulichukue kama mgeni anayebisha hodi usiku. Je, ni sisi tuliomwita? Yaani, kuna programu tuliyokuwa tunaiweka wakati huo? Je, jina lililoandikwa tunalijua? Je, mtengenezaji ametajwa, au imeandikwa kwamba hajulikani? Kama hatukumwita, jibu ni "No". Ukikataa kwa makosa utajaribu tena kesho, lakini ukikubali kwa makosa huenda ukahitaji fundi.

Pili, tutenganishe funguo. Nenda kwenye mipangilio, sehemu ya akaunti. Fungua akaunti mpya, uifanye ya msimamizi, uipe neno la siri. Ingia humo uhakikishe inafunguka, usije ukajifungia nje. Kisha rudisha akaunti ya kila siku iwe ya kawaida, na ya watoto vivyo hivyo. Kuanzia hapo, "Yes" peke yake haitoshi, lazima neno la siri liandikwe. Mtoto akitaka kuweka mchezo unaoomba ruhusa hiyo atamwita mzazi.

Lakini tusidanganyane. Ulinzi huu haumalizi kila hatari. Programu mbaya iliyofunguliwa kwa akaunti ya kawaida inaweza kuharibu faili zako mwenyewe bila kuomba ruhusa yoyote. Kwa hiyo kila baada ya mkutano weka nakala ya hesabu kwenye flash disk, uichomoe, uiweke mbali na kompyuta. Na madaftari msiyatupe.

Katika mkutano ujao, kila kikundi kijadili mambo mawili. Nani anajua neno la siri la msimamizi? Na nakala ya hesabu iko wapi? Sisi tuliandika neno letu kwenye karatasi, tukaifunga kwa bahasha, tukaitia ndani ya lile sanduku la kufuli tatu. Katibu akiugua au akihama, kazi haitasimama.