Mdudu Asiye na Jina

Leo tuongee juu ya mbawakawa wa ardhini, wale weusi wanaokimbia ukiinua jiwe shambani. Wengi wetu tunawakanyaga tu, kumbe wengi wao hula viwavi wanaotumalizia mboga.

Aina kama 40,000 zimekwisha kupewa majina, na bado. Terry Erwin wa Marekani, aliyefariki 2020, alifukiza dawa miti 19 ya aina moja huko Panama, akakinga wadudu walioanguka. Mwaka wa 1982 alikadiria kwamba humo mlikuwa na aina karibu 1,200 za mbawakawa. Hata hao tunaowaita wa ardhini wamo mitini!

Kumjua mgeni si kubahatisha. Hudungwa pini, huandikiwa mahali na tarehe alipopatikana, halafu hulinganishwa na waliohifadhiwa makumbusho. Hata viungo vya uzazi vya dume hutazamwa kwa darubini. Akiwa tofauti kweli, ndipo hupewa jina.

Lakini wengine huishi msitu mmoja tu. Msitu ukiisha kwa makaa, nao wamekwisha kabla ya kuitwa. Basi kabla ya kushika panga tujiulize: tunamfukuza nani tusiyemjua?