Banda Kwanza, Kuku Baadaye

MTANGAZAJI: Juma hili tunazungumza na mtu anayetaka kuanza kufuga kuku nyuma ya nyumba yake. Wekeni kalamu na karatasi karibu, maana kuna vipimo.

(MUZIKI KIDOGO, KISHA UNASHUSHWA)

MZUNGUMZAJI: Ndugu msikilizaji, kuku wa kienyeji ni akiba ya nyumba. Ada ya mtoto ikipungua, mama huuza jogoo. Mgonjwa akihitaji nauli ya kwenda hospitali, matetea wawili huenda sokoni. Ndiyo maana kuku wakipotea kwa usiku mmoja, huwa si kitoweo tu kilichopotea.

Wengi wetu hununua kuku kwanza. Jua likizama ndipo tunauliza watalala wapi. Basi tunawaingiza jikoni, au chumba kile kile wanacholala watoto. Kinyesi cha kuku kina vijidudu vinavyoleta kuharisha, na mtoto anayetambaa hupeleka mdomoni kila anachookota. Kwa hiyo neno la leo ni hili: banda kwanza, kuku baadaye.

Anza kwa kuhesabu. Mchana kuku wako watazurura uani, kwa hiyo banda ni la kulala na kutagia. Mita moja ya mraba inatosha kuku 4. Ukijenga banda la urefu wa mita 2 na upana wa mita 1 na nusu, unapata mita 3 za mraba, yaani kuku 12. Usianze na 12. Anza na matetea 5 na jogoo 1, ili vifaranga wakikua wapate nafasi.

Sasa chagua mahali. Pawe karibu na nyumba, ili usikie kelele usiku, lakini pasigusane na ukuta wa chumba cha kulala. Pawe pameinuka, maji ya mvua yasituame. Fyeka majani na vichaka kuzunguka banda, kwa sababu nyoka na nguchiro hupenda kujificha humo.

Kikorongo tupo kwenye ikweta, na alama yake mnaiona kandokando ya barabara. Jua letu ni kali asubuhi na jioni kutoka pande mbili, mashariki na magharibi. Basi banda lilale kwa urefu kutoka mashariki kwenda magharibi. Kuta fupi ndizo zitakazopigwa na jua hilo, nazo uzizibe. Kuta ndefu, za kaskazini na kusini, ndizo zitakazoachiwa nafasi ya hewa juu.

Tuje kwenye ujenzi. Tafuta nguzo 6 za mkaratusi: 3 za mbele ziwe na urefu wa mita 3, na 3 za nyuma mita 2 na nusu. Kila nguzo ifukiwe sentimita 60. Sehemu itakayoingia ardhini ipakwe oili chafu ya gari ili mchwa wasiile. Sakafu iwe sentimita 80 kutoka ardhini. Kila nguzo, chini kidogo ya sakafu, ivishwe kipande cha bati kilichokunjwa kama mwavuli ulioinamia chini. Panya akipanda, atafika hapo na kurudi.

Sakafu itengenezwe kwa fito au mabanzi yaliyonyooka, yakiachana sentimita 2 hivi. Kinyesi kitaanguka chini, nawe utakizoa kila juma upeleke kwenye migomba au mboga. Tetea mwenye vifaranga mtandikie gunia au mkeka kwenye kona yake, wasije wakanasa miguu.

Kuta zinaweza kuwa za fito na udongo, au mabanzi. Sehemu ya juu ya kuta ndefu, sentimita 40 hivi, weka waya wenye matundu madogo kama ule wa kuanikia kahawa. Waya wa matundu makubwa huzuia kuku asitoke, lakini hauzuii nyoka asiingie. Paa la nyasi au mafunjo lina ubaridi. Ukiezeka bati, tandaza nyasi juu yake na uzifunge vizuri, la sivyo joto la bondeni kwetu litawatesa kuku. Mlango uwe mkubwa kiasi cha kukuwezesha kuingiza mikono na ufagio, na uwe na kufuli.

Ndani, weka miti 2 ya kulalia, kila mmoja wa mita 1 na nusu. Kuku mmoja anahitaji sentimita 20. Weka visanduku 3 vya kutagia, vya sentimita 30 kila upande, mahali penye giza kidogo. Nyunyiza majivu humo kupunguza utitiri na chawa.

Kabla ya kununua kuku hata mmoja, fanya jaribio hili. Usiku, washa tochi, iweke ndani, funga mlango, kisha zunguka nje polepole. Kila mwanga unapotokea, pima kwa vidole. Vidole viwili vikipita pamoja, nguchiro mdogo au kanu anaweza kupapanua. Ziba, kisha uzunguke tena.

Kuna jambo ambalo sisi majirani wa Hifadhi ya Queen Elizabeth lazima tuambiane. Mnyama akila kuku, wengine hufikiria kutega nyama yenye sumu. Aprili 2018, kule Hamukungu, simba 11 walikutwa wamekufa, 8 kati yao wakiwa watoto, na ilishukiwa walikula sumu. Sumu haichagui. Itamwua mbwa wa jirani, itamwua tai, na mtoto anaweza kuishika. Tena ni kosa la jinai. Ukiona nyayo za chui au fisi karibu na nyumba, mwarifu mwenyekiti wa LC1 na askari wa wanyamapori. Matumbo na manyoya ya kuku yafukie shimoni, yasiwaite wanyama.

La mwisho ni mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ugonjwa huu hauzuiliwi na ukuta. Huzuiwa na chanjo: tone moja jichoni, na kurudiwa kila baada ya miezi 3 au 4, kama atakavyoelekeza ofisa wa mifugo. Majirani mkichanja siku moja, chupa moja hutosha wengi. Kuku aliyenunuliwa soko la Mpondwe au popote pengine, mtenge majuma 2 kabla ya kumchanganya na wenzake. Kuku wakianza kufa kwa wingi, msiwale na msiwauze. Wafukieni shimo refu, mnawe mikono kwa sabuni, na mtoe taarifa.

(MUZIKI UNAINGIA CHINICHINI)

Kazi ya juma hili ni tatu. Pima eneo la mita 2 kwa mita 1 na nusu, ulitie vigingi. Hesabu vifaa ulivyo navyo tayari, ndipo uandike vya kununua. Na muulize ofisa wa mifugo wa kaunti ndogo yako ni lini chanjo inapatikana.

MTANGAZAJI: Msikilizaji, ukimaliza banda, mwite jirani akusaidie lile jaribio la tochi: mmoja azunguke, mwingine azibe. Juma lijalo tutazungumzia chakula cha vifaranga. Mlale salama.

(MUZIKI WA KUFUNGIA)