Kodi Inaona Mauzo, Haioni Nauli

Makamanda, chukueni dada anayenunua usipa Mbamba Bay na kuuza Mbinga mjini. Mwaka mzima kauza milioni 6. Toa bei ya usipa wenyewe, nauli, ushuru: tuseme kabakiwa na milioni 1.5. Kodi ya makadirio haiulizi kabaki na nini, inaangalia mauzo tu. Bila kumbukumbu, kundi lake la milioni 4 hadi 7 linalipa 100,000. Akiwa nazo, asilimia 3 ya kinachozidi milioni 4, yaani 60,000. Wakati huohuo mwajiriwa wa 270,000 kwa mwezi, ambayo ni 3,240,000 kwa mwaka, hakatwi kodi ya mapato hata senti. Haki iko wapi hapo?

Sheria ya Kodi ya Mapato ya 2004 inamruhusu kuchagua kutozwa kwa faida, gharama za biashara zikiondolewa. Ila hapo anadaiwa hesabu kamili. Mhasibu anamlipa na nini, usipa?

Tunadai daftari la kawaida litoshe kuthibitisha gharama. Kwa sasa, kila tawi lipite sokoni na madaftari. Hiyo 40,000 ni pesa, jamani.