Kutu Juu ya Rangi ya Gari

Msikilizaji, kama gari lako linalala nje Kigamboni, Nyali au popote upepo wa bahari unapofika, chungulia kingo za boneti na juu ya magurudumu. Ukiona vidoa vya rangi ya chungwa, pitisha ukucha.

Rangi ikiwa haijavimba, huenda ni vumbi la chuma lililonasa juu, la breki zako au la grenda ya fundi jirani. Osha, pulizia dawa ya kuyeyusha chembe za chuma, suuza. Waya wa kusugulia masufuria usiutumie kabisa: huacha chembe nyingine zitakazoshika kutu.

Rangi ikivimba, kutu inatoka kwenye bati lenyewe. Hapo ni msasa, mpaka bati ling'ae. Futa kwa spiriti, paka praima siku hiyohiyo maana hewa ya Pwani haingoji, kisha rangi na klia, ile vanishi angavu ya juu. Fundi anayetaka kupaka rangi juu ya kutu, mshukuru uondoke.

Kinga? Maji baridi yasiyo na chumvi, hadi uvunguni, na nta kila baada ya miezi 3. Na turubai usilitandaze juu ya gari lenye majimaji.