Chapati Zangu za Mwisho: Kuishi na Ugonjwa wa Siliaki

Haya ni mazungumzo ya mama mfanyabiashara wa Embulbul, Kajiado Kaskazini, aliyoyatoa mbele ya wakazi wenzake katika kikao cha afya. Jina lake tumeliacha kwa ombi lake.



Wengi wenu mnanijua. Mimi ndiye mama chapati wa kando ya barabara ya Ngong, karibu na mahali matatu za 111 zinaposhusha watu. Kwa miaka 11 nimewasukumia chapati, asubuhi za chai na jioni za maharagwe. Na wengi mmeniuliza, "Mama, mbona siku hizi ni nduma na mayai tu?" Mhudumu wetu wa afya ameniomba nilijibu swali hilo hapa hadharani. Nimekubali kwa sababu huenda yuko mtu kwenye viti hivi anayeumwa kama nilivyoumwa mimi, na hajui anaumwa nini.

Kwa miaka kama 6 tumbo langu halikuwa na amani. Lilikuwa likijaa kama ngoma. Wiki hii naharisha, wiki ijayo choo hakipatikani. Vidonda vya mdomoni vilikuwa haviishi. Nikiamka asubuhi nilikuwa nimechoka kuliko nilipolala. Nilikonda mpaka nikafika kilo 46, na minong'ono ikaanza. Mnajua minong'ono ya mtu anayekonda. Nilipimwa virusi vya UKIMWI mara 3, na mara zote 3 sikuwa navyo, lakini huwezi kubandika majibu kwenye paji la uso.

Nilitibiwa homa ya matumbo mara nyingi hata sikumbuki idadi. Nikatibiwa amiba, minyoo, vidonda vya tumbo. Nikanywa muarubaini mpaka ulimi ukafa ganzi. Simlaumu mtu, kwa maana magonjwa hayo yapo kweli huku kwetu, na daktari huanza na yaliyo ya kawaida. Lakini kila nilipopimwa, damu ilikuwa imepungua. Napewa vidonge vya madini ya chuma, inapanda kidogo, inashuka tena. Ndipo siku moja daktari mmoja akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: "Mama, haya madini unayomeza miaka yote hii yanakwenda wapi?"

Akanipeleka kupimwa damu, kipimo cha aina nyingine. Majibu yakarudi yakionyesha dalili. Nikatumwa hospitali kubwa Nairobi, nikapitishiwa kamera ndogo mdomoni hadi kwenye utumbo, wakachukua vipande vidogo vya nyama na kuvipima. Jibu likaja: ugonjwa wa siliaki. Niliposikia neno hilo mara ya kwanza nilidhani ni jina la mtu.

Niwaeleze kama nilivyoelezwa. Ndani ya ngano, shayiri na nafaka iitwayo rai kuna protini inayoitwa gluteni. Ndiyo inayofanya unga wa chapati uvutike. Kwa watu wengi haina neno lolote. Lakini kwa mwenye siliaki, gluteni ikifika tumboni kinga ya mwili inakosea adui, inaushambulia utumbo wake yenyewe. Utumbo mwembamba una vijinyuzi vidogo kama manyoya ya taulo, na hivyo ndivyo vinavyofyonza chakula. Vikishambuliwa vinalala chini, taulo inakuwa kama karatasi. Unakula, lakini chakula kinapita tu. Hapo ndipo damu hupungua, mifupa hudhoofika, mtoto hudumaa, na wanawake wengine hukosa kushika mimba. Wako pia wasioumwa tumbo kabisa. Wana uchovu, au upungufu wa damu usiopona, au upele wenye malengelenge unaowasha kwenye viwiko na magoti.

Si ugonjwa wa kuambukiza. Sikuupata kwa kula chapati nyingi. Mtu huzaliwa na uwezekano wake kwenye damu ya ukoo, na unaweza kujitokeza utotoni au uzeeni. Inakadiriwa kuwa duniani mtu 1 kati ya 100 anao, na wengi wao hawajui.

Wengine wananiambia huo ni ugonjwa wa Wazungu. Hapana. Mwaka 1999 watafiti waliripoti kuwa miongoni mwa watoto wa Kisahrawi wa Sahara Magharibi, zaidi ya 5 katika kila 100 walikuwa nao, kiwango cha juu kuliko cha Ulaya. Hao ni Waafrika, watu wenye asili ya kufuga ngamia, ambao mkate wa ngano umekuja kuwa chakula chao cha kila siku.

Kuhusu ngano yenyewe, aliyefumbua fumbo ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Dicke. Alikuwa tayari ameishuku. Kisha ikaja njaa ya vita, majira ya baridi ya mwaka 1944 kuingia 1945, mkate ukaadimika. Watu waliteseka, lakini watoto wake wenye ugonjwa huu wakaanza kupata nafuu. Mkate uliporudi, na ugonjwa ukarudi.

Sasa nirudi kwangu. Nilipomuuliza daktari dawa ni gani, aliniambia hakuna kidonge. Dawa ni kuacha ngano, shayiri na rai maisha yote, hata makombo. Jamani, nililia. Sikulilia chapati za kula, nililia chapati za kuuza. Kila siku nilikuwa nafungua pakiti 6 za unga wa kilo 2. Kodi ya nyumba, karo, chama, vyote vilitoka kwenye unga ule. Nikamwambia, "Basi nitapika, sitaonja." Akanieleza kwamba kushika unga si shida, shida ni kuumeza. Na mtu anayechekecha na kukanda unga kutwa nzima anaumeza, maana vumbi lake linapeperuka na kutua mdomoni na kooni. Nilitoka pale nikiwa na jina la ugonjwa wangu, nikiwa sina kazi.

Usiku huo nilitaka kutupa kila chembe ya ngano iliyokuwa nyumbani. Kilichonizuia ni mtoto. Daktari alikuwa amesema kwamba mzazi, mtoto au ndugu wa tumbo moja wa mgonjwa ana uwezekano wa kama 1 kati ya 10 wa kuwa nao, kwa hiyo watoto wangu wapimwe. Na akanionya: asiache kula ngano yeyote anayesubiri kipimo. Ukiacha, utumbo unaanza kupona, kingamwili zinapungua kwenye damu, na kipimo kinaweza kusema huna ugonjwa kumbe unao.

Kijana wangu wa kwanza alipimwa mapema, hana. Lakini binti yangu wa miaka 9, ambaye kila mwaka sare ya shule ilimtosha ile ile, ilibidi asubiri wiki 5 mpaka nipate pesa za kipimo. Wiki 5 nikampikia chapati kila jioni, nikiwa na kitambaa usoni, nikimtazama akila, nikijua huenda namlisha kitu kinachomuumiza. Alikuwa akinishukuru. Hizo ndizo chapati zangu za mwisho. Majibu yalipotoka, alikuwa nao.

Kwa hiyo somo langu la kwanza kwenu ni hilo. Ukihisi dalili nilizozitaja, usijitibu kwa kuacha chapati. Nenda kituo cha afya, eleza historia yako yote, taja damu isiyopanda, uliza kama siliaki inaweza kuwa miongoni mwa sababu, na uliza gharama mapema. Ukishapata jibu, hapo ndipo uache. Na kama huna ugonjwa huu, endelea kula chapati yako kwa amani.

La pili ni chakula. Nilidhani tutakufa njaa. Kisha afisa wa lishe akaniketisha, akanitajia chakula cha nyumbani kimoja kimoja: ugali wa mahindi, githeri, mukimo, wali, viazi, nduma, muhogo, ndizi, maharagwe, ndengu, sukuma wiki, mayai, samaki, nyama, maziwa freshi na maziwa lala, uji wa wimbi au wa mtama. Vyote havina gluteni. Nikacheka. Wazee wa Kimaasai wa huku walikula nyama na maziwa maisha yao yote, na hakuna aliyeuliza mkate uko wapi. Ule mkate maalum wa dukani usio na gluteni ni ghali sana, na mimi sijaununua hata mara moja.

Mtego uko kwenye kuchanganyika. Posho mill inayosaga mahindi inaweza kuwa ndiyo iliyosaga ngano au unga wa uji wa mchanganyiko dakika chache zilizopita. Mimi nimezungumza na kijana wa mashine. Ananisagia asubuhi, baada ya watu kadhaa wa mahindi matupu, na unga wa kwanza kutoka nawapa kuku. Magunia yaliyobeba ngano siyatumii kuwekea mahindi. Wimbi nanunua likiwa zima, nalichagua kwenye ungo, naliosha, nalianika. Unga wa uji uliochanganywa tayari sinunui bila kujua kilichomo, kwa sababu mwingine una ngano.

Jikoni nilibadilisha mwiko na ubao, kwa maana mbao hushika unga kwenye nyufa. Sufuria za chuma zilisuguliwa tu. Kijana wangu anakula mkate wake, lakini ana kisu chake na siagi yake, na anakula upande mmoja wa meza.

Kwenye pakiti, soma. Maandishi mengi ni ya Kiingereza, kwa hiyo wafundisheni watoto wawasaidie kutafuta maneno haya: wheat, barley, rye, malt, semolina. Mkikuta gluten free, maana yake kwa viwango vya kimataifa ni kwamba gluteni haizidi miligramu 20 kwa kila kilo. Soseji na smoki mara nyingi zina ngano. Biskuti, tambi na mandazi ni ngano. Sosi ya soya nyingi ina ngano. Bia ya kawaida ni shayiri, kina baba mnisamehe. Chipsi ni viazi, lakini uliza kama mafuta yale yamekaanga pia mandazi na sambusa. Samaki wengine hupakwa unga kabla ya kukaangwa, na supu nyingine hutiwa unga ili iwe nzito.

La tatu ni watu, na hili ndilo gumu. Kwetu kukataa chakula cha mtu ni kama kumkataa mwenyewe. Mwanzoni nilikuwa nikisema, "Nimeshiba," na shemeji zangu wakadhani nimeanza kiburi. Siku hizi nasema wazi: "Daktari amenikataza ngano maisha yote, lakini hiyo chai ya maziwa nitakunywa vikombe viwili." Wanaelewa. Kwenye harusi na matanga naenda na mkebe wangu. Kwa binti, nilimwendea mwalimu wake mwenyewe nikamweleza, nikampa na barua ya daktari, na siku ya mandazi anabeba viazi vitamu. Kanisani nilimwambia padri. Kumbe Kanisa Katoliki linaruhusu hostia yenye gluteni kidogo sana, au mtu kupokea divai peke yake. Nilikuwa nimekaa miezi mingi nikiona haya kuuliza.

Kuna siku tulikosea. Binti alikula keki kwenye sherehe ya rafiki yake, akaumwa siku 2. Sikumchapa. Nilimwambia tuanze tena. Ni ugonjwa wa kuanza tena.

Kupona ni polepole. Tumbo langu lilitulia ndani ya wiki chache. Maziwa yalinisumbua mwanzoni, maana utumbo uliochubuka hushindwa kuyasaga, lakini sasa nakunywa. Kwa mtu mzima utumbo wenyewe unaweza kuchukua mwaka, miaka 2 au zaidi kurudi sawa, kwa hiyo narudi kliniki kupimwa hata kama najisikia vizuri. Nina kilo 57. Damu imepanda, na safari hii haijashuka.

Na kazi? Miezi 2 nilikaa bila kuuza kitu. Chama changu kikanikopesha, nikaanza na sufuria moja ya nduma na uji wa wimbi. Sipati kama nilivyopata kwa chapati, siwezi kuwadanganya. Lakini kodi inalipwa. Wateja wengine walirudi kwa kunihurumia, sasa wanarudi kwa sababu uji ni mtamu.

Nyumbani tuna mstari wa makaa kwenye fremu ya mlango, pale ninapompima binti yangu kimo. Mistari ya zamani imekaribiana sana, hata huwezi kuitenganisha. Ule wa mwezi uliopita uko juu ya ule wa mwaka jana kwa vidole vitatu vizima. Tulinunua sare mpya.

Ulizeni maswali, sitaona haya. Na nduma ziko hapo nje, nimezichemsha leo asubuhi.