BOTSWANA: TEMBO, BARAZA NA ASKARI

Tarehe 22 Mei, 2019, Serikali ya Botswana ilitangaza kwamba marufuku ya uwindaji wa wanyamapori, iliyokuwa imedumu kwa zaidi ya miaka 5, imeondolewa. Katika nchi za Ulaya na Marekani tangazo hilo lilipokewa kwa makelele mengi. Wapo waliotishia kwamba watalii hawataikanyaga tena ardhi ya Botswana, na wapo walioandika kana kwamba kesho yake tembo wote wangekwisha. Njia iliyotumika kufikia uamuzi huo haikuwashughulisha sana wapiga makelele. Hata hivyo njia hiyo ndiyo inayostahili kutazamwa kwa makini, hasa na wale wanaovaa sare na kutumwa porini kulinda sheria ambazo wao wenyewe hawakuzitunga.

Botswana si mgeni masikioni mwa wapiganaji wa Tanzania. Nchi hizo mbili zilisimama pamoja katika safu ya nchi za mstari wa mbele wakati wa mapambano ya ukombozi wa kusini mwa Afrika. Ilipopata uhuru tarehe 30 Septemba, 1966, Botswana haikuwa na jeshi. Ilikuwa na polisi tu. Ni baada ya majeshi ya walowezi wa Rhodesia kuvuka mpaka mara kwa mara ndipo Bunge la nchi hiyo lilipoamua, mwaka 1977, kuunda Jeshi la Ulinzi la Botswana. Naibu kamanda wa kwanza wa jeshi hilo alikuwa kijana Ian Khama, mwana wa Rais wa kwanza, Seretse Khama. Mwaka 1987, majangili wenye silaha za kivita walipokuwa wakivuka mpaka na kuteketeza tembo na vifaru, jeshi lilipelekwa katika mbuga za kaskazini kuwakabili. Tangu hapo doria za kuzuia ujangili zimekuwa sehemu ya kazi ya kawaida ya askari wa Botswana, na hapana ubishi kwamba ziliokoa wanyama wengi.

Leo nchi hiyo yenye watu wasiofikia milioni 3 ina tembo wengi kuliko nchi nyingine yoyote duniani. Hesabu iliyofanywa kwa ndege mwaka 2022, katika eneo linalozijumuisha Angola, Botswana, Namibia, Zambia na Zimbabwe, ilionyesha tembo karibu 228,000. Na kati ya hao, karibu 132,000 walikuwa Botswana. Kwa mgeni anayepita kwa gari la utalii, hiyo ni fahari. Kwa mkulima wa Ngamiland au Chobe mambo ni mengine. Kundi la tembo likiingia katika shamba la mtama usiku mmoja, kazi ya msimu mzima imekwisha, na asubuhi watoto hawawezi kwenda shule kwa sababu wanyama bado wapo njiani.

Ian Khama, aliyekuwa Rais tangu 2008, ndiye aliyepiga marufuku uwindaji kuanzia Januari 2014 katika ardhi ya serikali na ya vijiji. Mashamba ya watu binafsi yaliyokuwa yakifuga wanyamapori hayakuguswa. Sababu iliyotolewa ilikuwa kupungua kwa aina kadhaa za wanyama, na nia yenyewe haikuwa mbaya. Lakini amri ilishuka kutoka juu, kama amri ya jeshi inavyoshuka, na vijiji vilitakiwa kuitekeleza tu.

Matokeo yake yalionekana upesi. Kabla ya hapo vijiji vingi vya kaskazini vilikuwa na vyama vya wananchi vilivyopewa mgawo wa wanyama kila mwaka na kuuza haki ya kuwawinda kwa makampuni. Kijiji cha Sankuyo, kilicho kandokando ya hifadhi ya Moremi, kilipata mwaka 2010 karibu dola 600,000 za Marekani kutokana na wanyama wapatao 120, wakiwamo tembo 22. Fedha hizo zilijenga vyoo na kuleta mabomba ya maji, na nyama iligawiwa wenyeji. Marufuku ilipoanza, mapato yalikauka na walinzi wa kijiji wakapoteza ajira, lakini tembo na simba waliendelea kuja. Kuna jambo linalosahauliwa mara nyingi kuhusu sehemu hiyo: Moremi yenyewe haikutengwa na serikali ya kikoloni kwa nguvu. Mwaka 1963 Watawana, wenye ardhi hiyo, wakiongozwa na mama aliyeshika madaraka ya uchifu, waliamua wenyewe kuitenga iwe hifadhi kwa sababu waliona wawindaji wanaimaliza. Watu walioweza kuamua hivyo mwaka 1963 hawakuulizwa neno mwaka 2014.

Wasan, wakazi wa kale wa jangwa la Kalahari, waliumizwa zaidi. Mwezi Desemba 2006 Mahakama Kuu iliamua, katika kesi waliyoifungua dhidi ya serikali, kwamba kuwanyima leseni maalumu za kuwinda katika ardhi yao ya asili kulikuwa kinyume cha sheria. Miaka 7 tu baadaye marufuku ya jumla iliwarudisha walikokuwa. Mtu aliyewinda swala kwa upinde ili watoto wake wale akawa, mbele ya askari wa doria, ni jangili kama majangili wengine.

Rais Mokgweetsi Masisi alishika madaraka tarehe 1 Aprili, 2018. Mwaka huohuo mbunge mmoja wa jimbo la kaskazini alitoa hoja bungeni ya kuitaka serikali ifikirie kuondoa marufuku ya kuwinda tembo nje ya hifadhi, na mwezi Juni Rais akaunda kamati ndogo ya Baraza la Mawaziri. Kamati hiyo haikukaa ofisini kusoma mafaili. Ilitakiwa iwaendee wananchi, na iliwaendea katika kgotla.

Kgotla ni baraza la kijiji la Watswana, na pia ni mahali penyewe baraza hilo linapokaa: uwanja wenye uzio wa magogo uliopinda kama mwezi mchanga, karibu na nyumba ya chifu, mara nyingi chini ya mti mkubwa. Chifu hulifungua baraza, kisha hunyamaza na kusikiliza. Anayesimama hakatizwi maneno yake, awe tajiri wa ng'ombe au mtu asiye na kitu. Watswana wana usemi kwamba maneno yote yanayosemwa katika kgotla ni mazuri, maana yake ni kwamba hapana mtu anayeweza kuadhibiwa kwa alilolisema pale. Chifu huzungumza tena mwishoni, akitoa uamuzi kwa kupima yaliyosemwa. Baada ya uhuru serikali haikuiua desturi hiyo. Mawaziri na wabunge wamezoea kusimama katika kgotla kueleza sera zao na kuulizwa maswali magumu juani.

Basi kwa miezi kadhaa kamati ilipita katika mabaraza hayo, na ikapokea pia maoni ya halmashauri za wilaya, wenye makampuni ya utalii, wataalamu na vyama vya hifadhi. Wakulima walieleza hasara za mashamba. Wafugaji walilalamikia simba na chui waliokula ndama. Wenye hoteli za kitalii walikuwa na hofu yao, nayo ilikuwa ya kweli, kwa kuwa utalii wa kupiga picha huwapa Watswana wengi ajira na huiletea nchi fedha nyingi za kigeni. Ripoti ilikabidhiwa kwa Rais mwezi Februari 2019. Ilisema kwamba wengi wa waliosikilizwa walitaka marufuku iondolewe.

Ripoti hiyo ilikwenda mbali zaidi. Ilipendekeza tembo wapunguzwe kwa kuuawa kwa idadi maalumu, na nyama yao itiwe katika makopo, hata kwa chakula cha wanyama wa kufugwa majumbani. Pendekezo hilo la makopo ndilo lililoshikwa na magazeti ya ng'ambo, nalo lilichekwa na kulaaniwa. Serikali ililipima jambo zima upya. Ilikubali kurudisha uwindaji kwa leseni na mgawo. Haikukubali kuua tembo kwa makundi. Kwa hiyo yule anayedai kwamba serikali ikiwauliza wananchi lazima itekeleze kila neno litakalotamkwa barazani, na anatumia hoja hiyo kukataa kuwauliza, hana pa kushika katika mfano wa Botswana.

Wapinzani wa hatua hiyo nao hawakukosa la kusema. Walisema kwamba uchaguzi mkuu ulikuwa umebaki miezi 5 tu, na kwamba kura za kaskazini zilikuwa na thamani kubwa kuliko tembo. Ian Khama mwenyewe aliupinga uamuzi huo hadharani, na siku chache baadaye alikihama chama tawala ambacho baba yake alikuwa mmoja wa waasisi wake, ingawa ugomvi wake na mrithi wake ulikuwa na mizizi mingine pia. Hoja nyingine ni nzito zaidi. Kgotla ya zamani ilikuwa baraza la wanaume wenye mifugo. Wanawake na Wasan waliowatumikia matajiri hawakuwa na sauti humo. Desturi imebadilika, lakini mtu aliyezoea kunyamaza kwa vizazi vingi hasimami siku moja akasema kwa sababu tu waziri amefika. Kamati inayohesabu sauti zilizosikika yapasa ijiulize pia ni nani aliyekuwapo uwanjani na hakufungua kinywa.

Utekelezaji ulianza kwa mnada. Mwezi Februari 2020 tembo 70 walinadiwa katika mafungu 7 ya tembo 10 kila moja, na mafungu 6 yakapata wanunuzi. Kisha ukaja ugonjwa wa Korona, mipaka ikafungwa, na wawindaji kutoka nje hawakuweza kufika hadi mwaka uliofuata.

Ni kosa, hata hivyo, kudhani kwamba kurudishwa kwa leseni kulimaliza ujangili. Katika mwaka huo wa 2020 vifaru zaidi ya 50 waliuawa nchini Botswana, na serikali ikalazimika kuwahamisha waliosalia na kuwakata pembe. Magenge yanayotafuta pembe za faru hayahudhurii baraza wala hayasubiri mgawo. Baadhi ya wadadisi walitaja uamuzi wa Mei 2018 wa kuwanyang'anya askari wa idara ya wanyamapori silaha zao za kivita, ambazo serikali ilisema hazikuwa na idhini ya sheria. Wengine walitaja ukubwa wa mbuga za Okavango, ambamo mafuriko huwaficha watu na wanyama kwa miezi. Kwa vyovyote, kazi ya askari ilibaki palepale, na ilibaki ya hatari.

Hapa ndipo tofauti kati ya mwananchi aliyeulizwa na asiyeulizwa inapomgusa askari moja kwa moja. Doria ya watu 8 katika pori lenye ukubwa wa mkoa mzima haioni kitu isipoambiwa. Anayejua kwamba wageni wamelala katika kambi fulani, au kwamba kijana fulani ana fedha zisizo na asili, ni mwanakijiji. Akiona kwamba sheria ina manufaa kwake atasema. Akiiona kuwa amri ya watu wa mbali wanaowapenda tembo kuliko watoto wake, atanyamaza, na askari atatembea gizani akimshuku kila anayekutana naye. Tanzania yenyewe inalijua jambo hili kwa uchungu. Operesheni Tokomeza ilianza Oktoba 2013 kwa lengo halali la kukomesha mauaji ya tembo. Mwezi uliofuata ilisimamishwa baada ya malalamiko ya wananchi kupigwa, kuteswa na hata kufa mikononi mwa waliotumwa. Na Desemba, baada ya kamati ya Bunge kutoa taarifa yake, mawaziri wanne waliondoka madarakani, wakiwamo wa Ulinzi na wa Mambo ya Ndani ya Nchi. Waliokuwa na hatia ya ujangili walipata nafasi ya kupumua, kwa sababu ya makosa waliyotendewa wasio na hatia.

Botswana nayo ina jeraha lake. Usiku wa Novemba 2020, katika mto Chobe unaopakana na Namibia, askari wa doria wa Botswana waliwapiga risasi na kuwaua wanaume wanne, watatu kati yao ndugu wa tumbo moja na wa nne binamu yao. Jeshi lilisema ni majangili. Jamaa zao, na wananchi wengi wa upande wa pili wa mto, walisema ni wavuvi waliokuwa wakitafuta samaki kama baba zao walivyofanya. Maandamano yalifanyika Namibia, na serikali mbili zilizo marafiki wa miaka mingi zikalazimika kuunda uchunguzi wa pamoja.

Katika uchaguzi wa Oktoba 2024 chama kilichokuwa kimetawala Botswana tangu uhuru kilishindwa, na Duma Boko akaapishwa kuwa Rais. Serikali mpya haikurudisha marufuku ya uwindaji. Mabaraza ya kando ya mto Chobe yalikwisha kuulizwa juu ya mtama na tembo. Juu ya wavuvi, mipaka ya maji na amri anazopewa askari wa doria usiku, kamati ya 2018 haikutumwa kuuliza.